Kliniki ya ngozi jijini Arusha iliyomtibu binti yetu uvimbe wa mishipa ya damu

Naandika tathmini hii baada ya miezi 11 ya kwenda na kurudi katika kliniki moja ya ngozi jijini Arusha, ambako binti yetu ametibiwa uvimbe wa mishipa ya damu uliokuwa umeota kwenye kope la juu la jicho lake la kushoto. Jina la kliniki sitaliandika, kwa kuwa pamoja na sifa nyingi ninazo pia lawama, na lawama hizo nimekwisha kuwafikishia wenyewe kwa barua. Ninachotaka mzazi mwenzangu apate hapa ni picha ya jinsi huduma ya namna hii inavyopaswa kutolewa, ili popote atakapompeleka mtoto wake ajue aangalie nini na aulize nini.

Binti yetu alizaliwa katika wiki ya 36 ya ujauzito akiwa na kilo 2.2, na siku ya kuzaliwa kope lake lilikuwa safi. Katika wiki ya pili niliona doa jekundu lililofifia, kama mahali palipokwaruzwa na ukucha. Wiki ya nne doa likawa limeinuka, na kufikia wiki ya saba lilikuwa tayari limefanana na forosadi ambayo haijaiva sawasawa, jekundu na lenye vinundunundu, na mtoto alipoamka kope lile lilifunguka nusu tu. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Machame kunipikia mtori, alisema kwa upole kwamba huenda nilipokuwa mjamzito nilitamani kitu nikakinyima mwili wangu. Jirani mmoja alishauri uvimbe ufungwe uzi hadi ukauke. Katika kituo cha afya tulikoanzia, mhudumu alimtazama mtoto akiwa mgongoni kwangu, akasema, "Hiyo ni alama ya kuzaliwa, mama, itaondoka yenyewe."

Kauli ya mhudumu yule ina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio uliotuchelewesha. Uvimbe huu, ambao madaktari wanauita hemanjioma ya watoto wachanga, si saratani, na ndio uvimbe unaowapata watoto wachanga kuliko mwingine wowote; katika kila watoto 100 huonekana kwa wanne au watano hivi, wasichana wakiwa wengi kuliko wavulana, na zaidi wale waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Hukua kwa kasi katika miezi ya kwanza, kasi kubwa zaidi ikiwa kati ya wiki ya tano na ya nane, kiasi kwamba mtoto akitimiza miezi 3 uvimbe wake kwa kawaida umekwisha kufika kama asilimia 80 ya ukubwa utakaoufikia. Kuanzia karibu na mwaka mmoja huanza kunywea polepole, na kwa watoto walio wengi kazi hiyo ya kunywea huwa imekamilika wakifikisha miaka 4. Kwa hiyo uvimbe mdogo ulioota mgongoni au kwenye paja waweza kweli kuachwa. Ulio kwenye kope hauwezi kungoja miaka 4, maana ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ile ile ya mwanzo, na jicho linalofunikwa au kukandamizwa wakati huo ubongo hulipuuza, hata kama baadaye kope litafunguka vizuri.

Hayo sikuyajua hadi wiki ya nane, tulipofika katika kliniki ninayoizungumzia. Iko umbali wa kutembea kutoka Mnara wa Saa, katika jengo la kawaida lenye ngazi nyembamba ambazo mama aliyejifungua kwa upasuaji atazipanda kwa taabu. Anayekupokea kwanza ni afisa tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi pale Moshi, katika kituo cha mafunzo kilichoko hospitali ya KCMC, kituo ambacho kilianzishwa mwaka 1992 na kimewafundisha maafisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Daktari bingwa hufika siku mbili kwa wiki. Sisi tulifika siku ambayo hakuwepo, na jambo la kwanza lililonifanya niiamini kliniki hii ni kwamba tabibu hakutuambia turudi siku nyingine tukiwa mikono mitupu. Alimpigia daktari simu pale pale, akamtumia picha, akapanga tuonwe keshokutwa yake, kisha akaanza kumpima mtoto.

Upimaji wenyewe nitaueleza kwa urefu, kwa sababu ndio sehemu ya huduma niliyoithamini kuliko zote. Aliomba mtoto avuliwe nguo zote, akamkagua kuanzia utosini hadi nyayoni, akihesabu. Alinieleza kwamba mtoto mwenye vivimbe vitano au zaidi kwenye ngozi hupimwa ini kwa ultrasaundi, kwa kuwa vingine huweza kuwa vimejificha humo. Alitazama kidevu na shingo, akanieleza kwamba uvimbe ulioenea mahali ambapo mwanamume huota ndevu waweza kuambatana na mwingine ndani ya koo, ukambana mtoto pumzi. Alitazama pia uti wa mgongo sehemu ya kiunoni, na akasema kwamba uvimbe mpana unaoshika upande mzima wa uso hudai uchunguzi wa ubongo, mishipa mikubwa na moyo kabla ya dawa yoyote. Binti yetu alikuwa na mmoja tu, mdogo na wenye mipaka, hivyo hayo yote hayakumhusu. Lakini nilijua yameangaliwa, na nilijua kwa nini.

Alipofika kwenye kope alizima taa ya chumba na kutumia tochi ndogo, kisha akaugusa uvimbe kwa ncha ya kidole kwa muda, akisikiliza joto na ulaini wake. Aliniambia jambo ambalo ningependa kila mhudumu wa afya wa nchi hii alikumbuke, kwamba katika ngozi nyeusi wekundu wa uvimbe huu waweza kufifia usionekane kama unavyoonekana kwenye picha za vitabu, nyingi zikiwa za watoto weupe, na kwamba ule uliozama chini ya ngozi huonekana kama vilio la damu lenye rangi ya buluu, ukadhaniwa ni jeraha la kugongwa. Mkono husaidia pale jicho linaposhindwa. Akapima kwa rula ya karatasi, milimita 14 kwa 11, akapiga picha tatu, akaandika tarehe.

Daktari bingwa alipomwona keshokutwa hiyo hakurudia maswali yote upya. Alikuwa amelisoma faili, jambo ambalo ni adimu na ninalisifu. Nilimuuliza kama hatakata kinyama kupeleka maabara. Alijibu kwamba kwa walio wengi historia inatosha: uvimbe ambao haukuwepo mtoto alipozaliwa, ukatokea ndani ya wiki chache na kukua haraka. Alama bapa ya rangi ya zabibu ambayo mtoto huzaliwa nayo haikui namna hiyo, na uvimbe wa mishipa ambao mtoto huzaliwa nao ukiwa umekamilika ni wa aina nyingine, wenye mwenendo wake. Kinyama hukatwa panapokuwa na shaka, na hapo maabara hutafuta protini iitwayo GLUT1, ambayo hemanjioma ya watoto huwa nayo na ile ya kuzaliwa nayo haina. Kwetu alitaka ultrasaundi tu, ajue uvimbe umeingia ndani kiasi gani nyuma ya kope, na barua ya kwenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Daktari wa macho, aliye katika jengo jingine, alikuta mboni bado haijafunikwa lakini jicho limeanza kukandamizwa na umbo lake la mbele kupindika. Tiba ilipaswa kuanza mara moja.

Dawa ni propranololi. Wasomaji wenye wazazi wenye shinikizo la damu wataitambua, na ndiyo maana muuzaji wa duka la dawa nililokwenda kwanza alikataa kunipa vidonge, akaniuliza kwa ukali kama kweli nataka kumpa mtoto wa miezi miwili dawa ya presha ya wazee. Simlaumu kwa kushtuka. Nailaumu kidogo kliniki kwa kunituma bila maelezo ya maandishi. Dawa hii ilibuniwa na mwanasayansi wa Uingereza James Black katika miaka ya 1960 kwa ajili ya moyo, na alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kwamba inanyweza uvimbe huu kuligunduliwa kwa bahati katika mji wa Bordeaux, Ufaransa. Mtoto aliyekuwa akitibiwa hemanjioma ya pua kwa dawa za steroidi, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizotumika, alipata tatizo la moyo, akapewa propranololi, na kesho yake uvimbe ulikuwa umebadilika rangi na kulainika. Daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake walitangaza habari hiyo mwaka 2008. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa uliolinganisha dawa hii na dawa ya mfano isiyo na kiambato chochote cha kutibu: baada ya miezi 6, asilimia 60 ya waliopewa miligramu 3 kwa kila kilo kwa siku uvimbe wao ulikuwa umekwisha au karibu kwisha, dhidi ya asilimia 4 ya wale wengine. Daktari alinieleza haya kwa dakika kumi hivi, kwa Kiswahili kisicho na haraka, na sikutoka mle chumbani nikiwa na hofu niliyoingia nayo.

Dozi ya kwanza haikutolewa nyumbani. Tulifika saa mbili asubuhi, wakamsikiliza moyo, wakapima mapigo na shinikizo la damu, wakauliza kuhusu pumu na maradhi ya moyo katika ukoo wa baba na wa mama, wakahakikisha amenyonya. Alikuwa na wiki 9 na kilo 4, akaanza na miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku, yaani miligramu 2 asubuhi na 2 jioni. Kwa saa mbili nzima muuguzi alikuwa akirudi na kumpima. Mapigo yalikuwa 142 kwa dakika kabla ya dawa na 124 baada ya saa moja, naye aliyaandika mbele yangu. Wiki iliyofuata dozi ilipandishwa kuwa miligramu 2 kwa kila kilo, na uangalizi ule ule ulirudiwa wote. Nimesikia kwa wazazi wengine kwamba kuna mahali mzazi hupewa vidonge avisage mwenyewe nyumbani. Tafadhali, mzazi, usikubali hilo, wala usijaribu kwa kuiga hesabu zangu. Tofauti kati ya dozi ya mtoto wa kilo 4 na kipande cha kidonge cha mtu mzima ni ndogo kwa macho na kubwa mno kwa moyo wake.

Muuguzi yule, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Dada Mkubwa, ndiye aliyenifundisha jambo ambalo tiba nzima inalitegemea. Dawa hii yaweza kushusha sukari ya mtoto aliye na njaa, na kuuzuia mwili wake usionyeshe dalili za kawaida za kushuka huko. Kwa hiyo mtoto anyonye kwanza ndipo apewe dawa au apewe akiwa ananyonya, asikae zaidi ya saa tatu au nne bila kunyonya hata usiku, na siku anayotapika, anayokataa titi au anayokohoa kwa kubanwa kifua, dozi isitolewe hadi aonwe. "Dozi moja ikirukwa uvimbe hautakimbia, mwanangu," aliniambia, "ila mtoto mwenye njaa usimpe." Alinitaka nirudie maneno yale mara mbili mbele yake, kisha akamwita mume wangu ayarudie na yeye.

Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umetoka kwenye wekundu mkali na kuelekea zambarau iliyopauka. Baada ya wiki mbili kope lilikuwa laini. Mwezi wa Juni na Julai, ambapo baridi ya Arusha hata mtu mzima inamtesa, vidole vya mtoto vilikuwa baridi na vyenye kupauka karibu kila asubuhi; tulikuwa tumekwisha kuambiwa kwamba dawa hufanya hivyo kwa baadhi ya watoto, na usingizi wake pia ulivurugika, akiamka akilia bila sababu. Daktari alisogeza dozi ya jioni ikaja mapema zaidi, huku akihakikisha hazikaribiani chini ya saa tisa, na usingizi ukapata nafuu.

Sasa lawama. Iliyo nzito kuliko zote ni ya chupa ya pili. Dawa huchanganywa na mfamasia wao, na chupa ya kwanza ilikuwa na miligramu 1 katika kila mililita, kwa hiyo dozi ya miligramu 4 ilikuwa mililita 4. Chupa ya pili ilichanganywa kwa nguvu mara mbili, kofia ile ile, lebo ya rangi ile ile, na hakuna aliyeniambia. Niliona tofauti kwa sababu nina tabia ya kusoma kila lebo. Nisingesoma, mtoto angepewa mara mbili ya dozi yake asubuhi na jioni. Niliporudi nayo mfamasia aliomba radhi bila kujitetea, na tangu siku hiyo wanachanganya kwa nguvu moja tu na mililita zinaandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya chupa. Nakubali marekebisho yao. Hata hivyo naiandika habari hii wazi, maana kosa hili laweza kutokea mahali popote dawa inapochanganywa kwa mkono, na mzazi anapaswa kuuliza kila chupa mpya: miligramu ngapi katika mililita moja?

Lawama ya pili ni ya simu. Usiku mmoja wa Julai mtoto alitapika mara tatu, nami nikapiga namba ya dharura waliyotupa hadi ikazimwa. Nilifuata mafundisho ya Dada Mkubwa, nikaacha dozi, nikamnyonyesha kidogo kidogo hadi kukapambazuka. Kliniki inayotoa dawa ya namna hii haina budi kuwa na mtu wa kupokea simu usiku, au isiitoe namba hiyo kabisa. La tatu ni kwamba maelekezo yote yalikuwa ya mdomo. Niliyaandika mimi nyuma ya kadi ya kliniki. Dada wa kazi anayebaki na mtoto nikiwa kazini alihitaji karatasi ya Kiswahili yenye mambo matano tu, na hakukuwa nayo.

Kuhusu bei, kumwona daktari bingwa mara ya kwanza tulilipa shilingi 40,000 na marudio 20,000, ultrasaundi ikalipiwa peke yake. Vidonge vyenyewe ndivyo vilivyokuwa rahisi kuliko vyote. Kwa familia inayotoka mbali, nauli na siku za kazi zinazopotea ndizo zitakazouma zaidi, kwa sababu uzito wa mtoto hubadilika na dozi lazima ihesabiwe upya kila mwezi.

Kilichonithibitishia uaminifu wao nilikiona barazani. Baba mmoja kutoka Monduli alikuja na mtoto mwenye uvimbe mdogo begani, akiwa tayari na fedha za dawa mkononi. Walimpima, wakapiga picha, wakamwambia hauhitaji dawa, arudi baada ya mwezi au mapema zaidi ukichubuka. Mwingine mwenye uvimbe mwembamba kifuani alipewa timololi, dawa ya matone ya macho, ya kupaka juu ya ngozi. Na mtoto wa tatu, aliyekuwa na kidonda kwenye uvimbe wa tako kilichomfanya apige kelele kila alipobadilishwa nepi, aliingizwa mbele ya wote waliokuwa kwenye foleni, na hakuna aliyelalamika. Wote watatu walikuwa na ugonjwa wenye jina moja, na kila mmoja alitoka na uamuzi wake.

Binti yetu aliacha dawa alipotimiza mwaka, kwa kupunguziwa polepole, kwa kuwa kwa baadhi ya watoto uvimbe huinuka tena dawa inapokoma. Sasa ana miezi 13. Kope linafunguka sawa na lenzake, ingawa ngozi yake imelegea kidogo na ukimwangalia juani utaona vijimshipa vyembamba. Daktari wa macho alitufanya tuzibe jicho la kulia kwa saa mbili kila siku kwa miezi kadhaa ili la kushoto lifanye kazi, na katika kipimo cha mwisho macho yote mawili yalifuata mwanga kwa usawa. Niliuliza kuhusu kuirekebisha ngozi kwa upasuaji, na daktari akasema tusubiri hadi karibu na umri wa miaka 4, kwa kuwa bado itaendelea kukaza yenyewe. Safari hii nimekubali kusubiri. Ziara ijayo ni mwezi wa tano, na ametuagiza tuje na picha ya kila wiki, iliyopigwa mchana, kando ya dirisha lile lile.